Kitu Kizuri: Kitumike au Kiwekwe?



Mithali zetu hazisemi kwa sauti moja. Moja yasema, "Akiba haiozi." Nyingine yajibu, "Ponda mali, kufa kwaja." Ukimsikiliza mzee wa kwanza peke yake, utafungia kila kitu sandukuni. Ukimsikiliza wa pili peke yake, kesho asubuhi hutakuwa hata na sanduku. Ni nani kati yao asemaye kweli? Mwezi huu natulitazame swali hilo kwa mfano ulio mbali kidogo na wengi wetu, yaani gari la mbio. Mfano wa mbali una faida yake. Mtu huliona kosa upesi zaidi likiwa kwa jirani, na baadaye, akiwa mwungwana, huenda akalitafuta nyumbani kwake.

Gari ninalolisema ni lile la viti viwili, lenye bodi la chini na injini yenye nguvu kupita mahitaji ya safari yoyote ya sokoni. Halifai kubeba magunia, wala halifai kupeleka ukoo arusini. Limetengenezwa kwa kazi moja: kumpa mtu furaha ya kuendesha. Kwa ajili ya furaha hiyo watu wenye uwezo huko Ulaya na Marekani hulinunua kwa fedha nyingi. Ndipo hutokea jambo la ajabu. Mtu akiisha kulipata, macho yake hayatulii barabarani, bali hurudi tena na tena kwenye mita ndogo iliyo mbele yake, ile inayohesabu maili. Kila maili ikiongezeka humchoma moyo, maana ajua kwamba siku ya kuliuza mnunuzi ataanza na swali hili: "Limetembea maili ngapi?" Basi siku ya mapumziko yenye jua zuri na barabara kavu, yeye huliacha gari chini ya turubai, akaenda matembezini kwa gari la kawaida. Alinunua furaha, naye ameifungia bandani kwa kufuli.

Tusimcheke upesi. Hofu yake ina msingi. Katika mji mdogo wa Pierce, jimbo la Nebraska, huko Marekani, palikuwa na mfanyabiashara wa magari aitwaye Ray Lambrecht. Kwa miaka mingi magari yaliyobaki dukani bila mnunuzi hakuyatupa kwa bei ya hasara, bali aliyaweka. Mwezi wa Septemba 2013 magari yapatayo 500 yalipigwa mnada, na baadhi yake yalikuwa hayajatembea hata maili 10. Pikapu moja ya Chevrolet ya mwaka 1958, ambayo mita yake ilionyesha maili 1.3 tu, yaani kama kilomita mbili, ilinunuliwa kwa dola 140,000. Kwa hiyo asemaye kwamba maili hupunguza bei hasemi uongo. Soko lamuunga mkono.

Lakini hebu tumfuate yule aliyeinunua. Amelipa dola 140,000 kwa sababu pikapu haijatembea. Je, aweza kuitembeza? Akiiendesha mpaka kwake tu, amekwisha kukiharibu kile alichokilipia. Basi naye ataiweka. Siku moja ataiuza kwa mtu wa tatu, ambaye naye ataogopa vilevile. Hofu imeuzwa pamoja na gari. Ni kama shoka linalopita mkono hadi mkono, kila mmoja akilinunua kwa bei kubwa kuliko mwenziwe kwa sababu halijapata kukata kuni. Kila muuzaji apata faida, nami sikatai; ila kwa miaka 55 hakuna aliyepata pikapu.

Jambo hili lilitazamwa zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika katika kitabu chake cha Siasa kwamba kila kitu tulicho nacho kina matumizi mawili. Mfano wake ulikuwa kiatu. Kiatu chaweza kuvaliwa, tena chaweza kutolewa ili kupata kitu kingine. Yote mawili ni matumizi ya kiatu, lakini la kwanza ndilo lililo lake hasa, kwa maana kiatu hakikushonwa kwa ajili ya kubadilishwa. Kilishonwa kwa ajili ya mguu.

Aogopaye maili ameugeuza utaratibu huo juu chini. Ameacha siku ya kuuza iamrishe siku zote za kuendesha. Ukimtazama vizuri utaona kwamba amekuwa mlinzi wa gari la mtu mwingine, mtu asiyemjua jina, ambaye huenda hajazaliwa. Tena ni mlinzi wa ajabu, kwa kuwa halipwi mshahara. Yeye ndiye anayelipa bima, yeye ndiye anayenunua turubai, na kodi ya banda pia ni juu yake.

Sasa yule mzee wa "Akiba haiozi" atasema: "Sawa, lakini angalau gari limehifadhika." Hapo napo tuwe waangalifu. Mithali hiyo ni nzuri, lakini si kila kitu ni akiba kwa sababu tu kimewekwa. Hata mahindi ghalani hupata fukusi, na mkulima hodari ni yule alifunguaye ghala lake kutazama.

Katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, tarehe 15 Juni 1957, watu walizika gari jipya kabisa. Lilikuwa Plymouth Belvedere, la rangi ya dhahabu na nyeupe, lenye milango miwili na umbo zuri la wakati ule. Jimbo lao lilikuwa linatimiza miaka 50, nao walitaka watoto wao walifukue jimbo litakapotimiza miaka 100. Walilichimbia handaki la zege, wakasema kwamba hata bomu la atomiki halitaliharibu. Wakaweka na petroli ndani, wasije watu wa mwaka 2007 wakawa hawana tena mafuta ya namna hiyo. Wakafanya na mashindano: atakayekisia vizuri zaidi idadi ya watu wa Tulsa katika mwaka 2007, gari litakuwa lake. Mwezi wa Juni 2007 handaki likafunguliwa mbele ya umati mkubwa. Maji yalikuwa yameingia. Gari zima lilikuwa limeliwa na kutu. Na yule aliyekisia vizuri? Alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1979, hivyo zawadi ikawaendea dada zake waliokuwa hai bado.

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuambiwa ni mfano gani wa kale unaomjia moyoni akisikia habari za mali iliyofukiwa ardhini. Mimi nataka kutaja jambo dogo zaidi, ambalo fundi yeyote wa gereji atakuthibitishia. Gari lililosimama halipumziki. Petroli huchacha ndani ya tangi. Betri hufa. Tairi hubonyea upande mmoja zinapobeba uzito mahali pamoja mwezi baada ya mwezi. Mipira inayozuia oili isivuje hukauka na kupasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huleta kutu ndani ya mabomba. Na ukiliwasha kwa dakika tano ili kulisogeza tu, injini haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu wake, hivyo unyevu hubaki ndani ya oili. Sisi wa pwani twajua zaidi, maana hewa ya chumvi haiulizi kama gari limetembea au la. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na mita safi na gari bovu. Namba imehifadhika, kitu kimeoza.

Sasa natumtazame mtu mwingine, wa Marekani vilevile. Irv Gordon alikuwa mwalimu wa sayansi katika jimbo la New York. Mwaka 1966 alinunua gari la mbio, Volvo P1800S, jekundu. Alilipenda mno. Alilichukua siku ya Ijumaa, na Jumatatu alilirudisha kwa servisi ya kwanza, ile ya maili 1,500, kwa sababu alikuwa amekwisha kuzitembea. Toka hapo hakuacha. Safari yake ya kwenda kazini na kurudi ilikuwa maili 125 kila siku, naye aliifanya kwa gari hilohilo. Mwaka 1987 lilitimiza maili 1,000,000. Mwaka 2002 likatimiza maili 2,000,000. Na mwezi wa Septemba 2013, mwezi uleule wa mnada wa Nebraska, akiwa katika jimbo la Alaska, lilitimiza maili 3,000,000. Hizo ni zaidi ya kilomita 4,800,000, karibu sawa na kwenda mwezini na kurudi mara sita. Gordon alifariki mwaka 2018, na gari lake lilikuwa likitembea bado.

Angalieni jambo moja kwa mtu huyu. Yeye naye alitazama mita. Huenda hakuna mtu duniani aliyeitazama zaidi yake! Alibadilisha oili kwa wakati wake bila kuchoka, akafuata kitabu cha gari kwa makini, na injini ilipochakaa ikafunguliwa na kufanyiwa oveholi. Hakuwa mharibifu. Tofauti yake na yule wa turubai si kwamba huyu ahesabu na huyu hahesabu. Wote wawili wahesabu maili zilezile. Mmoja asoma katika mita kile alichopoteza, na mwingine asoma kile alichopewa. Kwa mmoja namba ni deni; kwa mwingine ni kumbukumbu ya njia alizopita na watu aliokutana nao.

Tena soko lenyewe, ambalo mwoga hulitumaini, halisemi neno moja siku zote. Ferrari 250 GTO yalitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na moja liliuzwa mnadani California mwezi wa Agosti 2018 kwa dola zaidi ya milioni 48. Je, lilikuwa limekaa chini ya turubai? La hasha. Lilikuwa limeshindana milimani na katika viwanja vya mbio huko Italia, nalo lilipata ushindi katika daraja lake kwenye mashindano ya Targa Florio mwaka 1963 na 1964. Bei ile kubwa ilitoka katika maili zile za vumbi na jasho.

Na huku kwetu Afrika Mashariki wazee wanakumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Datsun 240Z ni gari la mbio, la viti viwili kama nilivyoeleza mwanzo. Mwaka 1971 lilishinda Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likashinda tena likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lilipita katika matope, mashimo na makorongo yetu. Lile la mwaka 1971 limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani mpaka leo. Magari mengi ya aina hiyo yaliyotembea taratibu kwenye lami laini yamekwisha kusahauliwa. Hilo lililopigwa mawe na kuchafuka ndilo linalotunzwa kama hazina.

Hapa yule mzee wa "Ponda mali" atapiga makofi, akidhani tumekuwa upande wake. Bado. Kuna watu ambao yawapasa kuhesabu maili, wala hesabu yao si uoga. Aliyenunua gari kwa mkopo, na ambaye akiliharibu watoto wake watakosa karo, huyo afanya haki kuwa na tahadhari. Furaha yake haina ruhusa ya kula chakula cha wengine. Kadhalika yuko mtu anayesema anafurahia gari, kumbe afurahia kutazamwa. Hukanyaga mafuta mbele ya watoto wa shule, hupita penye kona kipofu, halafu huita hayo kuishi. Huyo hakupenda gari wala barabara, wala watu walio barabarani. Maisha ya mpita njia si gharama ya furaha ya mtu mwingine. Na aliyeponda mali yote leo, kesho atagonga mlango wa yule aliyeweka akiba.

Basi tutapimaje? Nadhani kipimo kiko katika swali ambalo mtu hujiuliza. Utunzaji huuliza: "Kitu hiki chahitaji nini ili kifanye kazi yake vizuri, na kwa muda mrefu?" Hofu huuliza: "Nikikitumia, nitapungukiwa nini?" Maswali haya yafanana kwa sura kama mapacha, lakini hayaendi njia moja. La kwanza lampeleka mtu gereji kubadilisha oili, kisha lampeleka barabarani. La pili lampeleka dukani kununua turubai, na hapo safari imekwisha. Mwenye kutunza kweli hutunza kwa ajili ya kutumia. Anayetunza ili asitumie amesahau mwisho wa kazi yake, kama mtu anayenoa jembe mpaka mvua zikapita.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu hatuna gari la mbio. Lakini ni nyumba gani isiyo na sahani za wageni kabatini? Ni nyumba gani isiyo na viti vilivyofunikwa kwa nailoni ileile vilivyotoka nayo dukani, watu wakikalia mkeka? Mama ana doti mpya ya kanga chini ya sanduku, aingojea siku yenye heshima, na kila siku inayokuja aiona haitoshi heshima. Baba ana kitabu kizuri ambacho watoto hawaruhusiwi kukigusa wasije wakakichafua, nao wanakua bila kukisoma. Kisha siku yafika. Tumeliona mara nyingi, wala si jambo la kucheka. Sahani zile hutolewa kabatini siku ya matanga. Waombolezaji ndio wanaozilia kwa mara ya kwanza, na mwenyewe hayupo. Mgeni aliyengojewa miaka yote hiyo hakuwa mwingine ila msiba.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo mwenye gari ameikosea. Gari likisimama bandani, mita yake nayo husimama. Lakini mwenye gari akisimama, mita yake yeye haisimami. Miaka yake yaendelea kuhesabiwa, awe barabarani au awe amekaa kando ya turubai akilitazama. Anadhani ameokoa maili 1,000 mwaka huu. Kumbe ameokoa za gari, na mwaka wake mwenyewe umekwenda. Gari la mbio lina kiti cha chini sana. Kijana huingia kwa kuruka. Mzee mwenye magoti mabovu huingia kwa shida, na kutoka ni shida zaidi. Anayesema, "Nitaliendesha vizuri nikistaafu," na aulize magoti yake kama yamekubali mpango huo.

Vitu havikupewa uwezo wa kutungojea, wala sisi hatukupewa uwezo wa kuvingojea. Kitu kizuri kikitumiwa kwa adabu huchakaa, ndiyo. Lakini huchakaa mikononi mwa mtu aliyekijua. Kiatu kilichovaliwa kina alama ya mguu wa mwenyewe. Sahani iliyochubuka ukingo ina habari za watu waliokaribishwa. Huko si kuharibika kwa namna ya kutu ya Tulsa, ambayo haina habari ya mtu yeyote ndani yake.

Kwa hiyo wale wazee wawili wa mithali wanaweza kupatanishwa. Akiba haiozi, ikiwa ni akiba yenye kazi: mbegu ya msimu ujao, karo ya mtoto, fedha za dawa. Na kufa kwaja, kweli, lakini hiyo si sababu ya kuponda. Ni sababu ya kutokawia. Ndugu msomaji, mwezi huu fungua kabati lako utazame. Ukiona kitu kinachongoja siku yenye heshima, mwalike jirani yako aje kula chakula, hata kama ni siku ya kawaida, nacho ukitoe. Akikivunja, usimkunjie uso. Ulikuwa unamngojea yeye.